Majasi ya Bakshishi

Jumanne, mwezi 2 Mfungo Tatu, 1301

Nimetwanga, nimepepeta, nimefagia ua. Mama mkwe akajinyoosha kidogo. Nikajitanda ukaya kichwani, nikatoka. Nilimwambia nakwenda kununua chumvi. Chumvi nimenunua kweli. Na bangili mbili za shaba juu yake.

Bangili moja ina mkwaruzo upande wa ndani, ndiyo maana Kanji amenipunguzia. Mkwaruzo wa ndani nani atauona? Watu hawajui kununua. Wanalipia kisichoonekana.

Kanji ni Banyani mwenye duka la pembeni, hapa Dunda. Wanaokwenda bara huwauzia majora ya nguo, waya na shanga. Sisi wengine hutuuzia vinavyobaki. Mimi ni mteja wa vinavyobaki. Sanduku langu halifungiki tena. Vikuku, pete za bati, herini moja isiyo na mwenzake (mwenzake nitampata, inshallah), shanga za kila rangi. Mama mkwe husema nikianguka majini nitazama kwa uzito wa takataka zangu.

Katika vyote, sina kizuri kama majasi yangu. Ya fedha, yenye kioo chekundu katikati, yanakaa kwenye ndewe za masikio utadhani yalipimwa. Kanji alinipa bakshishi, kwa kumpelekea mume wangu anunue kwake shanga za safari. Mama mkwe anadhani ni ya marehemu mama yangu. Sikumwambia hivyo. Sikumkatalia pia.

Shomari, mume wangu, yuko bara tangu masika yalipokwisha. Ni safari yake ya kwanza yenye wapagazi wake mwenyewe. Wachache, lakini wake. Huko fedha haina kazi, chakula hununuliwa kwa shanga. Na Shomari hana jicho la rangi, mwenyewe anakiri. Tukaenda dukani pamoja, mimi nikachagua. Buluu tupu, buluu iliyoiva, na bei yake chini kuliko zote. Akachukua mzigo mzima. Nikitwanga huwa nawaza wanawake wa Ugogo wamezivaa, nafurahi.

Mama mkwe kaamka. Akiniona na kalamu anadhani naandika dua. Marehemu baba alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, kwa hiyo haulizi.

Alhamisi, mwezi 4

Leso zangu sita nimeziunga. Tatu juu, tatu chini, unajitanda. Ndio mtindo wa sasa, aliyebaki na kaniki tupu anaonekana bibi yake mtu. Zangu ni za mwisho wa jora, moja imepauka. Nimeiweka upande wa kwapa.

Mama mkwe akaja kutazama. Akasema kwao Mkange mke wa msafiri hajipambi mpaka mwenyewe arudi, hata mafuta hapaki. Kila anachovaa mke huwa mzigo begani kwa mume. Nikasema Idi ni Idi, mama. Akanyamaza. Ila yeye akinyamaza ndiyo kasema.

Jumamosi, mwezi 6

Mwinyi Haji, jirani yetu, amerudi kutoka bara. Ametangulia mbele ya msafara wao. Tulikwenda kumpa mkono na kuuliza habari za Shomari. Akatazama chini kwanza. Nikajua.

Alimkuta Ugogo. Mzima, alhamdulillahi. Lakini hawezi kwenda mbele, na kurudi nako ni kwa taabu. Mwaka huu huko hawataki buluu. Wanataka nyekundu tu. Buluu wameichoka, wanawake wao wameitupa tangu mwaka jana. Mwinyi Haji akasema Shomari anatembea na shanga kama anatembea na mchanga. Mzigo mzima haumpi kibaba cha mtama. Wapagazi wake wawili wamekwisha kumkimbia. Alikuwa anakula majani ya porini siku aliyomwona, na shati lake alikuwa ameshalitoa kwa chakula.

Mama mkwe akauliza, ni nani aliyemuuzia mwanangu shanga zilizokataliwa?

Mwinyi Haji akasema yeye hajui.

Nami nilikuwa nimekaa pale.

Jumapili, mwezi 7

Sijala. Wacha niandike, pengine nitapumua.

Kanji aliniambia.

Ilikuwa siku moja kabla ya kwenda na Shomari. Nilikuwa peke yangu dukani, nazichota zile shanga na kuziacha zidondoke. Kanji akasema, "Bibi, hizo zimerudi. Zilikwenda bara, zikakataliwa. Ndiyo maana rahisi. Nunua za shingo yako, si za safari." Akasema nimwambie mume wangu. Nikasema nitamwambia.

Kisha nikayaona majasi. Nikauliza bei, nikaona sitayaweza. Nikamwambia, nikikuletea mnunuzi wa mzigo mzima, utanipa haya? Akacheka. Akasema, akishaambiwa na bado akataka, nitakupa. Kesho yake nikampeleka Shomari. Kanji akauliza, mmeelewana juu ya shanga? Nikajibu mimi, haraka haraka, tumeelewana. Shomari akaitikia kwa kichwa. Alidhani tunasema bei.

Sikumwambia kwa sababu angeziacha. Angeziacha, nami ningekosa majasi. Hakuna sababu nyingine. Nimetafuta tangu jana, sikuipata.

Si kweli, iko moja. Nilijiona ninajua. Nilisema moyoni, watu wa bara hawana macho, atakayeziona hizi atazitaka. Kumbe wana macho kama yangu. Wamechoka na cha mwaka jana, kama mimi nilivyochoka na kaniki.

Jumatano, mwezi 10. Idi

Mama mkwe hakuvaa kipya. Alikwenda kwenye mkono wa Idi na nguo yake ya siku zote.

Mimi nilivaa leso. Nilivaa na majasi. Sijui kwa nini. Mkono ulikwenda wenyewe sandukuni. Wanawake wakayasifu, mmoja akauliza nimeyapata wapi. Nikasema ni ya siku nyingi. Shomari anakula majani, na mimi nasifiwa masikio.

Jumamosi, mwezi 13

Nimefanya kubwa kuliko la kwanza.

Asubuhi mama mkwe akajitanda, akasema, inuka tunakwenda kwa Kanji. Nikasema naumwa kichwa. Akasema utakiuguza njiani. Njia nzima nilikuwa naomba duka liwe limefungwa. Lilikuwa wazi, na watu wamejaa, maana kesho kuna msafara unaondoka.

Hakusalimia. Mama mkwe, mtu anayesalimia hata mbuzi, hakusalimia. Akamwambia mbele ya wote kwamba amemuuzia mwanawe takataka, amempeleka Ugogo kufa njaa. Kanji akaweka mizani chini. Akasema pole pole kwamba aliwaambia zimerudi.

"Ulimwambia nani?" mama mkwe akauliza.

Kanji akanielekeza kwa kidevu. "Huyu."

Macho yote yakanigeukia. Nilihisi majasi masikioni, chini ya ukaya, mazito.

"Hakuniambia," nikasema.

"Bibi, kumbuka vizuri."

"Sina cha kukumbuka. Hakuniambia."

Hakubishana tena. Alinitazama tu, si kwa hasira. Angenitukana ningeona nafuu. Angetaja majasi ningeanguka pale pale. Hakuyataja. Watu wakaanza kusema, huyu na yule, kila mmoja akakumbuka siku aliyodhani amepunjwa. Wawili waliokuwa wananunua wakarudisha vitu mezani wakatoka. Mama mkwe akanishika mkono mbele ya watu, akasema mkwe wangu ni mtoto wa mwalimu, hajui uongo.

Akanishika mkono hivyo hivyo mpaka nyumbani.

Jumatatu, mwezi 15

Dunda nzima hawanunui kwa Kanji. Mama mkwe amepita nyumba kwa nyumba. Nimepita mbele ya duka kwenda kisimani. Amekaa peke yake anakung'uta vumbi kwenye majora ambayo hayana vumbi. Nikageuza uso. Sasa nazunguka kwa njia ya mikoko, ndefu, na ndoo imejaa. Heri mbali.

Shomari sina habari zake.

Jumatano, mwezi 17

Mama mkwe ananipendelea siku hizi. Ananipa kichwa cha samaki. Ananiita mwanangu. Jana akawaambia majirani, mkwe kama huyu humpati kwa mahari. Nakimeza kile kichwa cha samaki na miba yake.

Alhamisi, mwezi 18

Kanji amekwenda kwa jumbe. Hakuomba fidia, anataka jina lake. Jumbe akatuita leo, tukakaa upande wa wanawake, nyuma ya mlango. Akasikiliza huku na huku. Akasema hili ni neno la mtu na neno la mtu, hakuna shahidi. Basi niape. Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya sala, barazani kwake, nishike mswahafu niseme Kanji hakuniambia. Nikiapa, neno limekwisha, na Kanji atafute mji mwingine wa kuuzia.

Mama mkwe akasema hiyo ni kazi ndogo. Tuliporudi akaufungua mswahafu wa marehemu baba kutoka kwenye kitambaa chake, akaupangusa, akaufunga tena. "Utaapa kwa huu," akasema. "Baba yako alikuwa mtu wa kweli. Watu watauona, watanyamaza."

Mswahafu huo ndio baba alionifundishia. Pembe za kurasa zimeota rangi ya vidole vyake.

Jumamosi, mwezi 20

Sijaandika cha maana. Nimefua. Nimeunguza wali. Mama mkwe kaula bila kulalamika, kasema hata yeye akiwa na mawazo huunguza.

Jumanne, mwezi 23

Leo nimepata njia. Nilikuwa nakuna nazi, ikanijia. Nitaapa hivi: Wallahi, Kanji hakumwambia mume wangu. Na ni kweli! Aliniambia mimi, hakumwambia yeye. Mungu anajua ni kweli, na watu wataelewa wanavyotaka wenyewe.

Nimerudia maneno haya mara nyingi huku nakuna. Yanakwenda vizuri mdomoni. Nikala mchana, sahani nzima, mara ya kwanza tangu habari zile zije. Nikacheka hata na mama mkwe.

Alasiri nikamkumbuka baba. Alikuwa akiwaambia wanafunzi wake kuna watu hukunja ulimi wakati wa kuapa kama mtu anayekunja mkeka ili uingie mlangoni. Tulicheka, tulikuwa watoto. Hakucheka yeye.

Nina aibu hata na karatasi hii.

Alhamisi, mwezi 25

Nimesema.

Mama mkwe alikuwa anachagua mchele uani, ungo miguuni. Nilikuwa nimesimama na kuni mikononi. Sikuziweka hata chini.

"Mama, aliniambia."

"Nani?"

"Kanji. Aliniambia zimerudi. Sikumwambia Shomari."

Akaendelea kuchagua. Akatoa jiwe, akalitupa. Akatoa jingine. Nikasema na la majasi, kwamba si ya mama, ni bakshishi, kwamba ndiyo sababu. Nilisema yote kwa mkupuo, maana ningevuta pumzi ningeacha. Kuni zikaanza kuniponyoka moja moja.

Nilitaka anipige. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa. Akaniomba nisogeze ungo, jua limemfikia.

Kisha akaendelea kuchagua mpaka mchele wote ukaisha. Alipoinuka nikaona amezeeka. Si maneno ya kupamba, nilimwona hivyo, kiuno kilikataa kunyooka. Nikamwambia nitakwenda kwa Kanji sasa hivi, nimwombe radhi nyuma ya duka, kwa siri, na jumbe aambiwe tumeelewana.

"Ulimchafua mbele ya watu," akasema. "Huwezi kumsafisha jikoni."

Akasema kesho tutakwenda kama ilivyopangwa. Mswahafu nitauchukua mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Yeye hatanisemea. Alisema pia, lakini hili alilisema akiwa ameshanipa mgongo, kwamba alipita nyumba kwa nyumba kwa ajili yangu.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika mpaka milangoni mwa watu wote, na aliyeitembea ni yeye.

Ijumaa, mwezi 26

Baraza ilijaa. Watu walitoka msikitini wakaja moja kwa moja. Waliokuwa dukani siku ile wote walikuwapo, niliwahesabu kwa nyuso. Kanji alikaa pembeni, nguo nyeupe safi.

Jumbe akasema, haya, binti mwalimu, anza.

Nikasema, "Sitaapa. Aliniambia."

Nilisema kwa sauti ndogo. Jumbe sikio moja limekufa. Akauliza nimesema nini. Ikabidi nirudie, kwa nguvu, na mara hii ikasikika mpaka njiani.

Kisha mtu akakohoa. Jumbe akauliza kwa nini basi nilikataa. Ningeweza kusema niliogopa. Nikasema majasi. Akauliza majasi gani. Nikaeleza: ya bakshishi, nilitaka majasi. Mtu mmoja nyuma akacheka, wengine wakamfuata, na jumbe hakuwanyamazisha. Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu. Walimwekea nafasi ya kukaa, hakukaa. Alipoona wamemaliza kucheka akasema maneno machache tu: kwamba yeye ndiye aliyepita milangoni, na leo jioni atapita tena, milango ile ile.

Kanji alisema, "Basi, yamekwisha." Akaenda kufungua duka.

Nilimfuata. Nikayaweka majasi mezani kwake. Akayasukuma upande wangu kwa kidole kimoja. Nilikupa, akasema, si mali yangu tena. Hakuwa mkali. Akanifungia kwa kitambaa, kama anavyomfungia mnunuzi. Kisha akaniomba, kwa adabu zote, nikitaka kitu siku nyingine nimtume mtu.

Mama mkwe alitoka baada ya alasiri, akarudi magharibi. Nilimwandalia maji ya miguu. Akayatumia. Hakusema nyumba gani zilimwambia nini.

Jumatano, mwezi 2 Mfungo Nne

Kisimani wananiita Bi Majasi. Si wote. Wale wasioniita ndio wabaya zaidi, hunipisha nichote kwanza kama mgonjwa.

Majasi yako kwenye kidaka cha ukuta. Hakuna anayeyagusa. Sanduku sijalifungua.

Mama mkwe ananijibu shikamoo. Marahaba, basi. Kichwa cha samaki anakula mwenyewe, na ni haki yake.

Jumamosi, mwezi 5

Msafara umeingia. Tulisikia bunduki na ngoma tangu upande wa mtoni. Wanawake wote wakatoka na vigelegele, mama mkwe mbele. Alikimbia. Sijapata kumwona anakimbia. Mwinyi Haji alikuwa amepata habari, akamwambia mama mkwe kwamba Shomari yumo.

Walipita wenye bendera, wakapita wenye ngoma, wakapita wenye mali na nguo zao nyeupe walizovaa makusudi kwa ajili ya kuingia mjini. Tukatafuta humo. Hakuwamo. Wakaanza kupita wapagazi, mmoja nyuma ya mwingine, vichwa vimeinama. Mama mkwe bado anapiga kigelegele. Kisha kikakatika katikati.

Alikuwa humo. Chini ya pembe ya ndovu ya mtu mwingine, begani, kifua wazi, kitambaa cha kiunoni tu. Aliondoka bwana wa wapagazi, amerudi mpagazi. Ndivyo alivyopata chakula cha njiani, kwa kujikodisha. Na njia ni hii moja, inapita mbele ya msikiti, mbele ya maduka, mbele ya watu waliompungia mkono siku ya kuondoka.

Hakugeuka kututazama. Nilijua ametuona, kwa shingo yake.

Nilitaka kukimbia nikaubebe mzigo ule. Sikukimbia. Nilisimama na wanawake, ukaya umenifunika mpaka machoni.

Jumapili, mwezi 6

Amelala tangu jana. Bega la kulia limechubuka, jeusi, limepasuka katikati. Mama mkwe amelikanda kwa maji ya moto, mimi nimeshika bakuli. Amekonda, mbavu zinasomeka. Hajauliza kitu. Kila akifumbua macho nafungua mdomo nimwambie, anayafumba tena.

Mama mkwe amenitazama mara moja. Maana yake niseme mapema. Ninajua, mama.

Jumatatu, mwezi 7

Nimechelewa. Aliamka alfajiri, akaenda kusali, akakaa barazani na wanaume. Aliporudi alikuwa anajua.

Nilimwambia hata hivyo, mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu nilitaka asikie kwangu. Alisikiliza. Kisha akanieleza lake. Kule Ugogo wapagazi walipoanza kulalamika, walimuuliza ni mpumbavu gani aliyechagua buluu. Akawaambia ni yeye. Walijua alikwenda na mkewe dukani, wakambana sana, akashikilia ni yeye. Wakamtukana kila kambi, akakubali. Waliokimbia walikimbia wakimlaani yeye. Hakutaka jina langu lisemwe porini na wanaume wenye njaa.

"Nilikuficha," akasema. "Umejifunua."

Hakusema kwa ubaya. Lakini leo barazani wamemcheka. Shomari huchaguliwa shanga na mkewe, wamesema, mwekeeni mkewe na kanzu amchagulie. Alikuwa amerudi na kitu kimoja tu, lile neno lake kwamba kosa ni lake, na mimi nimelivunja ijumaa moja kabla hajafika. Sikuwa na namna. Kanji naye ana jina. Hata hivyo kila ninapogusa yupo mtu ameumia.

Nimelia jikoni. Moshi umenisaidia.

Jumanne, mwezi 8

Mvua kidogo asubuhi, za kwanza. Uani kunanukia udongo.

Shomari ameamua. Safari basi. Tutakwenda Mkange kwa wajomba zake, wana shamba, wanahitaji mikono. Mama atakuja nasi. Ameshaanza kufunga vyombo vyake, anaimba imba kidogo, kule ndiko kwao.

Nilimpakulia mchana. Wali na mchicha, samaki hakuna. Anakula kwa mkono wa kulia pole pole, bega linamkatalia. Akasema wajomba wamempa sehemu mbili achague moja. Bonde dogo karibu na maji, la mpunga. Au mlimani, pana zaidi, la mtama. Leo lazima apeleke jibu, mtu anaondoka kwenda huko alasiri. Akaniuliza, wewe unaonaje.

Nilidhani ananicheka. Nikamtazama, hakuwa anacheka. Alikuwa anauliza kama alivyokuwa akiniuliza siku zote.

Nikasema sina neno.

"Unalo," akasema. "Sema."

Mama mkwe alikuwa mlangoni na kapu, akasimama. Nikauliza kwanza mwaka jana bonde lilijaa maji au halikujaa. Akasema lilijaa, mpunga ulioza. Nikauliza mlimani kuna nguruwe. Akasema wapo, lakini wajomba hulinda kwa zamu. Nikakaa. Wali wake ukapoa akiningoja.

Nikasema mtama.

Akaitikia kwa kichwa, akaomba chumvi.